Je, shimo jeusi la kwanza liligunduliwa kutoka Ngomeni?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Babu yangu, mvuvi wa Ngomeni kaskazini mwa Malindi, alitusimulia sana habari za roketi za Waitaliano zilizokuwa zikiruka kutoka baharini. Juzi nimesoma kwamba shimo jeusi la kwanza liligunduliwa na setilaiti iliyorushwa pale. Ni kweli, au ni sifa tu tunajipa? Na kile kituo kina kazi gani siku hizi? Mimi nikipita naona madishi na ua tu. Msomaji, Kilifi."

Marahaba. Babu alisema kweli. Roketi zilikuwepo, na setilaiti uliyoisoma, iitwayo Uhuru, ilikuwepo pia: ilirushwa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lile lililosimama kwa miguu ya chuma majini, nje kidogo ya Ras Ngomeni. Kuhusu shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali mpaka hata nuru haichomoki, jibu langu ni ndiyo, ila si kwa namna inavyosimuliwa. Setilaiti ile haikuligundua peke yake, wala haikuwa ya kwanza kukiona kitu chenyewe. Kilichotokea kinapendeza zaidi ya hivyo, na ndicho wasimulizi wengi wanachokiruka.

Gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi hutoa eksirei, mionzi ileile tunayopigwa hospitalini. Anga lina vyanzo vingi vya mionzi hiyo, lakini hewa ya dunia huimeza yote kabla haijatufikia. Bahati yetu sisi viumbe, hasara kwa mwenye kutaka kuiona. Lazima apande juu ya hewa. Usiku wa tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi, Mwitaliano mzaliwa wa Genoa aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alirusha pamoja na wenzake roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico. Shabaha waliyoitangaza ilikuwa mwezi: walitaka kujua kama unatoa eksirei unapopigwa na mionzi ya jua. Roketi ilikaa juu ya hewa dakika zisizotimia sita, ikashuka. Ya mwezi hawakuyapata. Walichokuta ni chanzo kikali ajabu upande wa kundinyota la Nge, kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, na kikaitwa Scorpius X-1.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1964, roketi nyingine ya hapohapo White Sands, safari hii ya kikundi cha Herbert Friedman wa maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani, ikakuta chanzo kingine katika kundinyota la Cygnus. Kikapewa jina Cygnus X-1. Hilo, ndugu yangu, ndilo shimo jeusi lako. Lilikuwa limekwisha kuonekana miaka sita kabla ya roketi ya Ngomeni. Ila hakuna aliyejua ni nini.

Na kwa roketi wasingejua. Roketi ya namna ile hukupa dakika chache, kisha vyombo vinarudi chini. Mwaka huu unapima mwangaza fulani, mwakani unarusha nyingine na kupata tofauti, halafu unabaki kujiuliza: kitu kimebadilika, au vyombo vyangu havikulingana? Dakika tano hazitoshi kumjua mtu, sembuse nyota. Giacconi aliliona hilo mapema, na mwaka 1963 akapendekeza setilaiti ambayo ingekaa juu miezi na miaka, ikizunguka taratibu na kulipitia anga lote tena na tena.

Chombo chenyewe hakikuwa na makuu. Kilikuwa na kilo 140 na ushei, na seti mbili za vihesabio vya gesi zilizotazama pande zilizopingana, kila moja yenye upana wa sentimita za mraba 840. Hapakuwa na kioo wala lenzi. Eksirei moja ikiingia ndani ya gesi, umeme mdogo unachomoka, nayo inahesabiwa. Setilaiti ilijizungusha yenyewe mara moja kila dakika 12, kwa hiyo ilikuwa inafagia ukanda mmoja wa anga, kisha unaofuata. Uwezo wake wa kuonyesha mahali hasa kitu kilipo ulikuwa hafifu: nusu ya nyuzi hivi, yaani upana wa mwezi mpevu, na ndani ya upana huo kuna nyota kwa maelfu. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji.

Kwa nini basi Wamarekani, wenye Florida na Virginia yao, waipakie melini mpaka bahari ya Kenya? Watu hutaja msukumo wa dunia. Ni kweli kwamba kwenye ikweta ardhi inakimbia kuelekea mashariki kwa mita 465 kila sekunde, na roketi inayoruka pale inaupata mwendo huo bure. Scout, roketi iliyoibeba setilaiti ile, ilikuwa ndogo na ya fueli kavu, kila mita ya bure ilikuwa na maana kwake. Lakini sababu nzito kwangu ni nyingine. Roketi inayoruka moja kwa moja haiwezi kukuweka kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, iliyo karibu na ikweta kuliko mahali uliporukia. Ukiruka kutoka Florida, nyuzi 28 na nusu kaskazini, obiti yako itapanda mpaka nyuzi 28 na nusu na kushuka hivyohivyo kusini. Na huko kusini, juu ya Brazili na bahari ya Atlantiki, mkanda wa mionzi unaoizunguka dunia umeinama karibu kuliko kwingine kokote. Kila setilaiti inapopita pale, chembe za umeme huvipiga vihesabio vyake mpaka visijue kipi ni eksirei ya nyota na kipi ni kelele.

Ngomeni iko takriban nyuzi 3 kusini ya ikweta. Obiti ya kutoka pale iliinama nyuzi 3 tu, kilomita mia tano na kitu juu, mzunguko mmoja dakika 96, na eneo lile bovu karibu haikuligusa. Kwa chombo kinachohesabu chembe mojamoja, utulivu huo ulikuwa na thamani kuliko ukubwa.

Jukwaa lilikuwa kazi ya Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na mwanajeshi wa anga, mtu aliyeiingiza Italia katika mambo ya anga za juu. Majukwaa yalikuwa mawili: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti yao wenyewe, San Marco 2, kutoka pale. Baada ya hapo Wamarekani wakaomba nafasi. Kwa hiyo mwaka 1970 ulikuwa na roketi ya Marekani, jukwaa na wafanyakazi warushaji wa Italia, bahari ya Kenya, na msimamizi wa mradi kutoka NASA, Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kushika nafasi kama hiyo katika shirika hilo. Siku ya kurusha ikaangukia tarehe 12 Desemba, miaka saba kamili tangu Kenya ipate uhuru. Kwenye makaratasi chombo kiliitwa SAS-1. Townsend akakiita Uhuru, na jina hilo ndilo lililobaki katika vitabu vyote vya fizikia.

Sasa kuhusu ugunduzi. Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339. Kabla yake vilivyojulikana vilikuwa makumi machache tu. Hata hivyo nadhani wingi si habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu aliweza kukikodolea macho chanzo kimoja kwa muda. Centaurus X-3 kilionekana kinapigapiga kila sekunde 4.8, kisha kinapotea na kurudi kila siku 2.1. Hapo ikajulikana: ni nyota ya nyutroni, yaani mabaki madogo mazito ya nyota iliyoporomoka, inayojizungusha, na inazunguka nyota nyingine inayoifunika kila mara. Hercules X-1 ikafuata, pigo lake sekunde 1.24. Fumbo la miaka kumi, kwamba nguvu ya eksirei hizi inatoka wapi, likafumbuka: kitu kidogo kizito kinainyonya gesi ya jirani yake, na gesi ikianguka inapata moto.

Cygnus X-1 nayo ilibadilikabadilika, lakini haikuwa na pigo. Minoru Oda, Mjapani aliyekuwa katika kikundi cha Giacconi, na wenzake waliona mwaka 1971 kwamba eksirei zake zinapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, bila mpango. Hoja inayofuata ni nyepesi, na mimi bado huifurahia kila ninapoifundisha. Kitu hakiwezi kuwaka na kufifia kwa pamoja haraka kuliko muda ambao nuru inahitaji kukivuka. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Mabadiliko ya sehemu moja ya kumi ya sekunde yanasema eneo linalowaka haliwezi kuzidi kilomita 30,000. Upana wa Jua ni kilomita milioni 1.4. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kisichotimiza hata upana wa dunia tatu, kinachomwaga nguvu kuliko Jua maelfu ya mara.

Kidogo, sawa. Kizito kiasi gani? Hapo Uhuru ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake, maana haikuweza kuonyesha ni nyota ipi kati ya zile nyingi zilizomo kwenye upana ule wa mwezi. Msaada ukatoka kwenye redio. Katika majira ya machipuko ya mwaka 1971, vituo vya Westerbork nchini Uholanzi na Green Bank nchini Marekani viliona chanzo cha redio kimezuka ghafla katika eneo lile. Rekodi za Uhuru zilipopekuliwa, ikaonekana eksirei za Cygnus X-1 zilikuwa zimebadilika wakati uleule. Basi ni kitu kimoja. Na darubini za redio huonyesha mahali kwa usahihi mkubwa: palikuwa na nyota ya buluu iliyokwisha kuorodheshwa zamani kwa namba HDE 226868.

Mapema mwaka 1972 kikaja kipande cha mwisho. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton wa Toronto, kila upande kwa darubini yake, walipima nuru ya nyota ile na kuona inasogea huku na huku kila siku 5.6. Kuna kitu kinaivuta. Nyota yenyewe ni jitu, lakini mwenzake haonekani kabisa, na hesabu zilionyesha kwamba tungamo, yaani wingi wa mata, la huyo mwenzake linazidi Majua matatu, kiasi ambacho nyota ya nyutroni haiwezi kukistahimili bila kuporomoka. Kidogo mno, kizito mno, hakina pigo, hakitoi nuru yake. Jina lililobaki lilikuwa moja.

Sasa niambie, nani aligundua? Roketi ya 1964 iliona. Uhuru ilionyesha udogo, na ikatoa rekodi zilizounganisha eksirei na redio. Waholanzi na Wamarekani wa redio walionyesha mahali. Wale wa Uingereza na yule wa Toronto walipima uzito. Ukiondoa Uhuru, mnyororo unakatika katikati, na katika hali ile ya mwaka 1970 ukiiondoa Ngomeni hupati Uhuru ileile. Hapo ndipo ninapokubali sifa. Ukizidisha kusema "Wakenya waligundua shimo jeusi", hapo tunaachana. Wakenya waliofanya kazi kituoni hawamo katika majina ya waandishi wa makala zile, nami siwezi kuwaongeza kwa kalamu yangu, ijapokuwa ningependa sana mtu akusanye masimulizi yao. Kama babu yupo, mrekodi kwa simu.

Ubishi haukuisha 1972. Yote yalitegemea umbali: usipoujua, hujui ukubwa wa nyota ya buluu, wala uzito wa mwenzake. Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Alikuwa amejitolea maisha yake kwa mashimo meusi, kwa hiyo alisema kama yasingekuwepo, angalau angeambulia usajili wa jarida. Alikubali kushindwa mwaka 1990.

Mwaka 2021 kikundi cha James Miller-Jones kilipima upya kwa darubini kumi za redio zilizotawanyika kutoka Hawaii mpaka visiwa vya Karibi. Umbali ukatoka miaka-nuru 6,070 hadi 7,200 (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru huenda kwa mwaka mmoja), na tungamo la shimo likapanda kutoka Majua 15 hivi hadi 21. Kwa wataalamu wa nyota hilo lilikuwa tatizo: nyota kubwa hupoteza gesi nyingi kwa upepo wake kabla ya kuporomoka, na kwa hesabu za zamani isingebaki ya kutosha kutengeneza shimo zito hivyo. Ikabidi makadirio ya upepo yapunguzwe.

Na kwa kuwa nimemtaja Hawking: mwaka uleule wa 1971, Uhuru ikiwa juu, alithibitisha kwa hesabu kwamba mashimo meusi yakiungana, eneo la uso wa shimo jipya haliwezi kupungua chini ya jumla ya yale mawili. Tarehe 14 Januari 2025 vituo vya LIGO nchini Marekani vilinasa mawimbi ya mvutano ya mashimo mawili yakiungana, mawimbi safi kuliko yote yaliyotangulia. Jumla ya nyuso kabla ilikuwa kilomita za mraba 240,000, karibu sawa na nchi ya Uganda. Baada ya kuungana, 400,000. Nadharia ikasimama. Hawking alifariki 2018, hakuiona siku hiyo.

Swali lako la pili sasa, kuhusu madishi. Kurusha roketi kulikoma mwaka 1988. Kabla ya hapo jukwaa lilirusha nyingine kadhaa baada ya Uhuru, miongoni mwao SAS-2 ya mionzi ya gama mwaka 1972, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975. Lakini kituo cha nchi kavu, ambacho leo kina jina la Broglio na kinaendeshwa na shirika la anga la Italia, hakikulala. Setilaiti inayozunguka karibu na ikweta hupita juu ya Malindi karibu kila mzunguko, na lazima ishushe data zake mahali. Swift ya mwaka 2004, inayowinda milipuko ya mionzi ya gama, hushusha hapo. NuSTAR ya mwaka 2012 vivyo hivyo. Madishi unayoyaona ukipita ndiyo yanayopokea.

Ya kupendeza kuliko zote ni IXPE, setilaiti ya Marekani na Italia iliyorushwa tarehe 9 Desemba 2021. Ilihitaji obiti ya ikweta kwa sababu zilezile za mwaka 1970, lakini ilirukia Florida. Iliwezekanaje? Walitumia roketi ya Falcon 9, jitu la kubeba tani nyingi, kwa mzigo wa kilo 330 hivi, na nguvu iliyobaki wakaiteketeza kuipinda obiti ilipofika juu ya ikweta. Kile Scout ilichokipata kwa kuanzia mahali panapofaa, wao walikinunua kwa fueli. Data zake, hata hivyo, kituo chake kikuu cha kushukia ni Malindi.

IXPE hupima jambo ambalo Uhuru isingeweza: upande ambao mawimbi ya eksirei yanatikisikia. Funga kamba kwenye mti, shika ncha yake, itikise juu na chini, kisha kulia na kushoto; kamba ni moja, mitikisiko ni miwili. Nuru nyingi huchanganya pande zote, lakini ikigonga gesi na kuruka, upande mmoja huzidi, na kutokana na upande huo unaweza kukisia umbo la gesi iliyogongwa, hata kama hakuna darubini inayoweza kuiona. Mei 2022 IXPE iliitazama Cygnus X-1. Shimo lile lina sahani ya gesi inayolizunguka, na mikondo miwili ya chembe inayofyatuka juu na chini yake. Kwa miaka mingi watu walibishana gesi ya moto mkali inayotoa eksirei imekaa wapi: imesimama kama nguzo kwenye njia ya mikondo, au imetandaa juu ya sahani? Matokeo yalitoka Novemba mwaka huo. Mtikisiko ulizidi upande mmoja kwa asilimia 4, na upande huo ulilingana na mikondo. Maana yake gesi imetandaa, nguzo haiafiki. Ila asilimia 4 ni kubwa kuliko makadirio, huenda kwa sababu sehemu ya ndani ya sahani imeinama kuliko obiti ya nyota yenyewe. Hilo bado linabishaniwa.

Unaweza kuitazama mwenyewe, kwa maana ya nyota ya buluu, si shimo. HDE 226868 ina mwangaza wa daraja la 9, hafifu mno isionekane kwa macho matupu, lakini darubini ndogo ya mkononi inaitosha kama uko mbali na taa. Mwezi wa Septemba, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, elekea kaskazini hasa na utazame zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Tafuta msalaba mkubwa wa nyota za Cygnus. Kwenye mti mrefu wa msalaba, kati ya makutano na ncha ya kusini, kuna nyota ya wastani iitwayo Eta Cygni. Nyota yako iko nusu ya nyuzi mashariki yake, yaani mkono wako wa kulia ukiwa umeelekea kaskazini.